Usimsusie Zakayo Pesa Yako Mwenyewe

Wiki jana kwenye grupu letu la WhatsApp la kaunti, komredi mmoja aliandika hivi: "Mwaka huu sifaili ritani. Siwezi kumpa Zakayo hata ndururu." Kabla sijamaliza kusoma, makofi yalikuwa yamejaa. Mwingine akasema yeye alishaacha tangu mwaka juzi. Wa tatu akasema tufanye liwe azimio la vijana wote wa chama: Juni 30 ipite hivi hivi, mfumo ukae mtupu, serikali ishike adabu.

Nilinyamaza siku hiyo. Si kwa sababu sikuwa na la kusema, ila hasira ya watu naielewa. Bado tunaikumbuka 25 Juni 2024. Kuna wenzetu walitoka nyumbani asubuhi hiyo na chupa ya maji na bendera wakarudi ndani ya jeneza, kwa sababu ya mswada wa ushuru. Ukimwambia kijana wa namna hii aketi chini ajaze fomu ya ushuru, anakuona kama msaliti.

Lakini wacha niseme sasa, maana zimebaki siku chache. Huo mpango wa kususia ritani ni mpango mbaya. Mzee Zakayo haumwi nao popote. Anayeumia ni wewe, na saa nyingine unakuwa umemwachia pesa yako bure.

Kwanza tuelewane jambo moja ambalo wengi wanalichanganya. Kufaili ritani siyo kulipa ushuru. Kama umeajiriwa, ushuru wako ulishakatwa kila mwezi kabla mshahara haujagusa simu yako. Mwajiri aliukata, akaupeleka KRA tarehe tisa ya mwezi uliofuata. Huo hukuweza kuususia hata ungetaka. Ritani ni maelezo tu: mwaka uliopita, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba, nilipata hiki, nikakatwa hiki, kilichobaki kati yetu ni hiki. Hayo maelezo yanaweza kusema wewe unadaiwa. Yanaweza kusema hakuna anayemdai mwenzake. Na yanaweza kusema serikali ndiyo inayokudai, samahani, wewe ndiye unayeidai serikali. Hiyo ya tatu ndiyo vijana hatuambiwi.

Sasa nitawaambia yaliyonipata, hata kama ni aibu.

Mwaka 2023 nilipata kibarua cha mkataba, Januari mpaka mwisho wa Aprili. Shilingi 50,000 kwa mwezi. Mkataba ukaisha, nikarudi mtaani, mwaka ukaishia hapo. Juni 2024, katikati ya zile pilkapilka zote za maandamano, nikakumbuka ritani. Nikaingia saiba moja ya hapa kwetu. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho. Akaniuliza, "Uko na kazi?" Nikamjibu, "Kwa sasa sina." Akasema, "Basi ni nil. Mia mbili." Dakika tatu baadaye nilikuwa nje na karatasi yangu, nimefurahi kwamba nimemaliza na serikali.

Lile swali lilikuwa swali baya. Ritani haiulizi kama una kazi leo. Inauliza kama ulipata chochote mwaka uliopita. Na mimi nilipata. Nikasaini, kwa mkono wa mtu wa saiba, kwamba sikupata hata senti.

Hebu tupige hesabu pamoja, tuache NSSF na NHIF pembeni ili iwe nyepesi. Mshahara wa 50,000 kwa mwezi: shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, hiyo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, hiyo ni kama 2,083. Zilizobaki, 17,667, zinatozwa asilimia 30, hiyo ni 5,300. Jumla 9,783. Halafu kila mtu anapewa nafuu ya 2,400 kwa mwezi, kwa hiyo ushuru unaokatwa ni kama 7,383. Mara miezi minne, nimekatwa karibu 29,500.

Lakini ushuru wa mapato huhesabiwa kwa mwaka mzima. Yale makato ya kila mwezi yanapigwa kana kwamba utaendelea kulipwa hivyo hivyo mpaka Desemba. Mimi mwaka ule wote nilipata 200,000 tu. Kwa mwaka, daraja la kwanza la asilimia 10 linafika hadi 288,000. Asilimia 10 ya 200,000 ni 20,000. Nafuu ya mwaka ni 28,800. Nafuu inameza ushuru wote na kubaki. Maana yake mwaka 2023 sikupaswa kulipa ushuru wa mapato hata shilingi moja, na nilikuwa nimeshakatwa karibu 29,500.

Hiyo ilikuwa pesa yangu. Kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Na mimi nililipa mia mbili ili kutangaza kwamba haipo.

Niligundua mapema mwaka huu, kwa bahati tu, wakati dada mmoja anayefanya kazi ya uhasibu alikuwa akieleza jambo jingine kabisa. Nikarudi kwa mwajiri wangu wa zamani kuomba fomu ya P9, nikajaza ritani ya marekebisho, nikaomba kurudishiwa. Sheria inakupa miaka mitano kuanzia siku ushuru ulipolipwa, kwa hiyo sikuwa nimechelewa. Ombi limeingia na namba yake ninayo.

Wale mnaosoma Biblia mnakumbuka Zakayo mwenyewe, yule mfupi aliyepanda mkuyu. Aliposhuka, alitangaza kwamba kama alimtoza mtu kwa hila atamrudishia mara nne. Huyu wetu hata mara moja ni mpaka uombe, uweke nakala, utaje na akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Ndiyo nasema: omba!

Angalieni ni vijana wangapi wako kwenye hali yangu. Hakuna ajira za kudumu. Tunaishi kwa mikataba ya miezi mitatu, miezi minne. Unaitwa, unafanya, unatemwa. Mtu wa aina hiyo ndiye hukatwa zaidi ya anachopaswa, na ndiye huyo huyo anayejaziwa sufuri saiba kwa sababu mwezi Juni hana kazi. Mwenye kazi ya kudumu hesabu yake hutoka sawa bila shida. Mfumo umemshonea yeye. Wewe unavaa suti ya mtu mwingine.

Kuna kundi la pili, wale wa vibarua vya kulipwa kwa ankara. Umefanya utafiti wa nyanjani, umepiga picha za hafla, umefundisha semina, umetengeneza tovuti ya kampuni. Wanapokulipa, mara nyingi wanakata asilimia 5 na kuituma KRA kwa jina lako. Waliomo kwenye biashara ya video na maudhui ya mtandaoni nao wameingizwa kwenye asilimia 5 hiyo tangu 1 Julai 2023, kwa hisani ya ile Sheria ya Fedha tuliyoipigia kelele. Sasa, hiyo asilimia 5 kwa kawaida si ushuru wa mwisho. Ni malipo ya kutangulia. Mwisho wa mwaka unapaswa kuionyesha kwenye ritani ili ihesabiwe upande wako.

Chukua mfano wa komredi aliyefanya kazi ya kukusanya data kwa miezi mitatu, 60,000 kila mwezi, na hakupata kitu kingine mwaka huo. Jumla 180,000. Alikatwa asilimia 5, yaani 9,000. Ushuru wake halisi ni asilimia 10 ya 180,000, ambayo ni 18,000, ukitoa nafuu ya 28,800 hakuna kitu. Zile 9,000 ni zake zote. Akijaza sufuri, mfumo unaona hana mapato na hana dai. Cheti cha makato hayo kiko ndani ya akaunti yake ya iTax, na kama hakioni amuulize aliyemlipa. Kuna mabosi wanaokata asilimia 5 kisha hawaipeleki popote. Huo ni wizi, na njia ya kuugundua ni kuangalia.

Kundi la tatu ni wenye biashara ndogo: bodaboda, kinyozi, muuza mitumba, anayeuza keki kwenye WhatsApp. Hapa kuna mkanganyiko mkubwa wa maneno, nitaeleza taratibu. "Nil" maana yake hukupata chochote. Haimaanishi kwamba hudaiwi ushuru. Mtu wa boda ambaye baada ya mafuta, matengenezo na riba ya mkopo wa pikipiki alibaki na faida ya 150,000 kwa mwaka, ushuru wake ni sufuri kwa sababu ya nafuu, lakini ritani yake si ya sufuri. Anapaswa kuandika mapato, gharama na faida, na hesabu itamtoa salama. Mauzo yakizidi milioni moja kwa mwaka, na hayajapita milioni 25, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3 unaolipwa kila mwezi. Ulikuwa asilimia 1 kabla ya Julai 2023. Asilimia 3 ya mauzo, si ya faida! Umeuza kwa hasara, bado unadaiwa. Hiyo ni hoja ya siku nyingine na nitaiandikia.

Halafu kuna ambao kweli ni sufuri. Wanafunzi, na waliomaliza chuo wakakaa nyumbani mwaka mzima. Ulipata PIN ya KRA ukiwa na miaka 18 au 19 kwa sababu HELB waliitaka. Hakuna aliyekwambia kwamba PIN hiyo ina mkia. Ukiwa na PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato, unatakiwa kufaili kila mwaka hata kama unalala njaa. Usipofaili, adhabu ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, chochote kilicho kikubwa. Kwa asiye na ushuru ni 2,000 kwa kila mwaka ulioruka. Unakaa miaka minne, siku unaitwa kazi unaambiwa leta cheti cha KRA cha kutii sheria za ushuru, unaingia kwenye mfumo unakuta deni la 8,000 na bado hujaanza maisha. Nimeona mtu analia saiba kwa sababu hiyo. Kazi ilikuwa imepatikana, barua iko mkononi, mwisho wa kupeleka stakabadhi ni kesho.

Ndiyo maana nasema kususia ni kujipiga risasi mguuni. Serikali haitajua hata kwamba umeandamana. Itaona tu mtu mwingine aliyesahau, imwandikie faini. Maandamano ambayo adui yako anayapokea kama mapato, hayo ni maandamano ya aina gani?

Kwa wenye madeni ya nyuma kulikuwa na dirisha, nalo lilifungwa 30 Juni 2025. Sheria iliyoanza kutumika 27 Desemba 2024 iliongeza muda wa msamaha wa adhabu na riba kwa vipindi vyote hadi 31 Desemba 2023. Sharti lilikuwa kwamba ushuru wenyewe, ule wa msingi, uwe umelipwa wote kufikia 30 Juni 2025. Kama ulizijaza zile ritani zilizorukwa wakati huo, fungua daftari lako la hesabu ndani ya iTax uangalie kama adhabu zimefutwa. Hazijafutwa, nenda ofisini na karatasi zako. Na ritani usingoje siku ya mwisho mchana. Kila mwaka mfumo unazidiwa siku ya mwisho, na kila mwaka tunashangaa kama vile ni ajabu mpya.

Sasa namna yenyewe. Sitaandika kitabu, nitasema pale watu wanapokwama.

Kama uliajiriwa, fomu ya P9 ndiyo kila kitu. Mwajiri analazimika kukupa. Kama ulikuwa na waajiri wawili kwa mwaka mmoja, unahitaji P9 mbili, na zote ziingie kwenye ritani moja. Hapo ndipo wengine hukuta wanadaiwa, kwa sababu kila mwajiri alikupa nafuu ya 2,400 kwa mwezi uleule, na nafuu ni moja kwa kila mtu. Usishtuke, ni halali, ila ujiandae.

Kabla ya kunakili chochote, linganisha P9 na hati zako za mshahara. Angalia hasa NSSF na akiba ya uzeeni. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kujaza mshahara na ushuru aliokatwa, akaruka kisanduku cha michango ya pensheni. Mwisho wa fomu mfumo unamwambia anadaiwa elfu saba na zaidi, anapigwa na mshtuko, anafunga kompyuta. Anaona Zakayo amemwibia tena. Kumbe michango ya NSSF haitozwi ushuru, na kwa mtu wa mshahara wa 50,000 kuisahau kwa mwaka 2024 peke yake kunatosha kuzua deni la zaidi ya 7,000 ambalo halipo. Rudi nyuma, jaza kisanduku, deni linayeyuka.

P9 ya 2024 pia ina vurugu zake, na si kosa lako. Ushuru wa nyumba ulisimama mwishoni mwa Januari baada ya uamuzi wa mahakama, ukarudi 19 Machi kwa sheria mpya. SHIF ikachukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba. Halafu 27 Desemba namna ya kuzihesabu ikabadilishwa tena: mwanzoni kwa ushuru wa nyumba ulipata nafuu ya asilimia 15 ya ulichokatwa, sasa makato hayo pamoja na SHIF yanatolewa kwenye mshahara kabla ya kupiga ushuru. Kwa hiyo usinakili kichwa kichwa fomu ya mwaka jana. Kama una bima ya maisha au ya elimu, kuna nafuu ya asilimia 15 ya ada hiyo, isiyozidi 60,000 kwa mwaka. Lazima uwe na cheti cha kampuni ya bima. Hiyo nafuu wengi hawaidai, na waajiri wengi hawajishughulishi. Mswada wa Fedha wa 2025 ulimtaka mwajiri aweke nafuu zote mwenyewe anapokata, na kwa hilo, naliandika hapa bila kinyongo, walifanya vizuri.

Jambo la saiba. Si kila mtu ana laptop, najua, na sufuri halisi inaweza kujazwa hata kwa simu. Lakini ukienda saiba, usiache PIN yako na nenosiri zimeandikwa kwenye daftari la watu. Hakikisha barua pepe iliyo kwenye akaunti ni yako. Wapo vijana wengi ambao PIN zao zilifunguliwa na mtu wa saiba kwa barua pepe yake yeye, na leo hawawezi kuingia bila kumtafuta, na yeye alishahamia Eldoret. Kubadilisha inawezekana, lakini ni mzunguko. Na ukiketi hapo kaunta, usikubali lile swali la "uko na kazi?" Mwambie mwenyewe: mwaka jana nilifanya hivi, nilikatwa hivi, P9 hii hapa.

Najua yuko atakayeniambia, komredi, hizi ni hesabu za kuturudisha kwenye foleni. Kwani si hao hao wanaoiba? Ndiyo, ni hao hao. Soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu yoyote kisha uje tukae. Siwaambii mwapende. Wala siwaambii mdanganye. Ritani ya uongo ni kosa la jinai, na chama kinachotaka kuongoza nchi hakiwezi kujengwa na watu wanaoghushi. Ninachosema ni kwamba vita yenyewe iko mahali pengine, na ili uipigane lazima uijue hesabu yako kwanza.

Chukua hiyo 24,000. Daraja la kwanza la ushuru liliwekwa 24,000 kwa mwezi, pamoja na nafuu ya 2,400, mwezi wa Aprili 2020. Mwaka wa corona. Mpaka Juni 2025 lilikuwa halijasogea hata shilingi. Nani hapa ananunua unga kwa bei ya 2020? Nauli ya 2020? Kila mwaka bei zinapanda, mshahara unaongezwa kidogo ili ufukuze bei, na kile kidogo kinaingia kwenye daraja la asilimia 25. Serikali inakuongezea ushuru bila kupeleka mswada wowote Bungeni. Hakuna wa kumpigia kelele kwa sababu hakuna kilichobadilika kwenye karatasi.

Mtu wa mshahara wa 30,000 mwaka 2025: NSSF 1,800, SHIF 825, ushuru wa nyumba 450, halafu ushuru wa mapato kama 731. Anabaki na kama 26,194. NSSF angalau ni akiba yake. Hizo nyingine, aulize mwenyewe ameona nini hospitalini na nyumba gani amejengewa. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kijana aliyejaza ritani yake vizuri, anayejua alikatwa kiasi gani na kwa daraja lipi, anaweza kusimama kwenye kikao cha maoni ya umma akataja tarakimu zake mwenyewe na kudai 24,000 isogezwe. Yule wa "sifaili" atapiga firimbi tu.

Na tuliona hesabu zikifanya kazi. Mwaka 2024 mswada haukuangushwa na mawe. Uliangushwa na watu waliousoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kikuyu, Kijaluo, Kisomali, lugha ya ishara, wakauweka TikTok kila mama akajua mkate wake utaguswa vipi. Mwaka 2025 kifungu cha kuipa KRA ruhusa ya kuchungulia data zetu za siri kiliondolewa na wabunge wenyewe, baada ya watu kukisoma na kukikataa. Kusoma ndiko kulikowatisha.

Hapa nitawasema na wakubwa wetu. Chama chetu kimetufundisha nyimbo, kimetufundisha kulinda kura, kimetufundisha kukimbia gesi. Hakijawahi kutuketisha hata Jumamosi moja kutufundisha kusoma P9. Matawi yana ofisi, baadhi yana na kompyuta zinazokaa bila kazi mpaka uchaguzi. Viongozi wa vijana wa wadi, mna mpaka Juni 30. Fungueni milango. Wale mnaojua hesabu, na nawajua kwa majina, leteni laptop zenu mkae na watu wawili watatu kila mmoja. Mia mbili za saiba zibaki kwa mtu anunue sukari.

Yule komredi wa "sifaili" nilimpigia simu jana jioni. Akaniambia alifanya kazi ya mkataba mwaka jana, Februari mpaka Juni, 45,000 kwa mwezi. Tukapiga hesabu kwenye simu. Kwa mwaka ni 225,000. Ushuru ni 22,500. Nafuu inaumeza wote. Kila mwezi alikuwa anakatwa kama 5,900 kabla ya kuhesabu nafuu nyingine. Kimya kikawa kirefu upande wa pili. Halafu akaniuliza P9 inaombwa kwa nani.

Kwa mtu wa mapokezi, nikamwambia, au wa mishahara, na uiombe kwa barua pepe ili kuwe na ushahidi. Ukishajaza na kutuma, mfumo unakupa risiti ya kupokelewa. Ipakue hapo hapo, jitumie kwenye barua pepe yako, weka na nakala kwa mtu unayemwamini. Usiondoke kwenye kiti bila hiyo risiti.